Jinsi ya kuchagua plagini za kuhariri na kuchapa picha za dijitali

Plagini, au programu-jalizi kwa jina lake la vitabuni, ni kipande cha programu kinachopandikizwa ndani ya programu mama kama Photoshop, Lightroom Classic, Affinity au GIMP. Kazi yake ni kufanya jambo ambalo programu mama haiwezi, au inalifanya kwa mzunguko mrefu. Kipimo cha kununua kimo humo humo: ni jambo gani hasa, na je, ni kweli programu mama imeshindwa? Wengi hununua kinyumenyume. Wanaona picha mbili za mfano kwenye ukurasa wa muuzaji, ya kushoto imefifia na ya kulia inang'aa, wanalipa, kisha ndiyo wanaanza kutafuta picha ya kuitumia. Baada ya miezi michache menyu ina majina kumi na mawili, na yanayoguswa ni mawili.

Anza na kasoro

Fungua picha 20 ulizopiga karibuni, za aina unayoipiga zaidi. Zikuze hadi asilimia 100, yaani pikseli moja ya picha ikae juu ya pikseli moja ya skrini. Kwa kila picha andika jambo moja tu linalokukera: chengachenga (vidoa vidogo vilivyotapakaa) kwenye vivuli, waya unaokata anga, ngozi yenye mng'ao wa jasho, picha ndogo mno kwa fremu inayotakiwa, chapa inayotoka nyeusi kuliko ilivyoonekana. Ukimaliza, hesabu. Kasoro iliyojirudia mara nane inastahili kutafutiwa dawa. Iliyotokea mara moja tibu kwa mkono, usiinunulie kitu.

Orodha hiyo itafichua pia kasoro zisizo na plagini. Chapa nyeusi ndiyo mfano mkubwa. Mara nyingi tatizo ni skrini inayong'aa kupita kiasi: monita nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mwanga mkali kuliko karatasi inavyoweza kurudisha, hivyo mhariri hufifisha picha bila kujua. Kwa kazi ya kuchapa, shusha mwanga wa skrini hadi kati ya 80 na 120 cd/m² (kipimo cha mng'ao wa skrini), pima kwa kifaa cha kusawazisha rangi cha Calibrite au Datacolor, kisha rudia chapa ileile. Fedha ya kwanza iende kwenye kifaa hicho. Plagini yoyote utakayoitazama kupitia skrini inayodanganya, utaihukumu kwa uongo.

Angalia kilichomo tayari

Programu mama zimekula kazi nyingi za plagini. Lightroom Classic ilipata kiondoa chengachenga chake kinachotumia akili bandia, Denoise, Aprili 2023 katika toleo la 12.3. Camera Raw, kifungua mafaili ghafi ya kamera ndani ya Photoshop, ilikuwa imepata Super Resolution tangu Machi 2021. Inazidisha kila upande wa picha mara mbili, kwa hiyo pikseli zinakuwa mara nne. Moduli ya kuchapa ya Lightroom nayo ina kunoa kwa ajili ya karatasi: chini, kawaida au juu, kwa karatasi ya kung'aa au isiyong'aa. Mwenye usajili wa Adobe anayelipia plagini kwa kazi hizo tatu bila kuzilinganisha kwanza huenda analipa mara mbili.

Anayetumia GIMP aanze na G'MIC. Ni ya bure, ina mamia ya vichujio, na ndani yake kuna vya kupunguza chengachenga, kunoa na kuiga filamu za zamani. Kwa kufuta kitu kilichoingia kwenye picha, Resynthesizer imekuwa ikiifanya kazi hiyo ndani ya GIMP kwa miaka mingi. Mtu anaweza kukaa na hizo mbili muda mrefu asihitaji kitu cha kulipia.

Kuna bidhaa nyingine huuzwa kwa jina la plagini ilhali si plagini. Faili linaloishia na .xmp ni mipangilio iliyotayarishwa: linasogeza vitelezi ambavyo tayari unavyo. Linaloishia na .cube ni jedwali la kubadili rangi, na .atn ni mfululizo wa hatua zilizorekodiwa kwenye Photoshop. Si vibaya kuwa navyo. Ila hakuna kinachofanywa humo ambacho programu mama isingekifanya, na bei iendane na hilo.

Itakubali kukaa kwenye kompyuta yako?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Photoshop ina milango miwili. Vichujio vya zamani na vizito vina faili linaloishia na .8bf kwenye Windows, au .plugin kwenye Mac, na hujitokeza kwenye menyu ya Filter. Plagini za mtindo mpya, UXP, huja kama faili la .ccx, husakinishwa kupitia Creative Cloud na kukaa kwenye menyu ya Plugins. Lightroom Classic hupokea folda inayoishia na .lrplugin, iliyoandikwa kwa lugha ya Lua. Ile Lightroom nyingine, ya wingu na simu, haipokei plagini hizo za Lua. Muuzaji akiandika tu kwamba bidhaa yake inafanya kazi na Lightroom, uliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Affinity hukubali vichujio vingi vya .8bf, lakini si vyote. Jaribu kila kimoja kivyake. GIMP ina kizingiti chake: toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 lilibadilisha namna plagini zinavyoongea na programu, na za Python zikahamia Python 3. Plagini iliyoandikwa kwa ajili ya 2.10 haitafunguka humo mpaka mwandishi wake aiandike upya. Soma tarehe ya toleo la mwisho kabla hujapakua.

Kwenye Mac kuna historia mbili za kukumbuka. macOS Catalina, mwaka 2019, iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32. Halafu zikaja kompyuta zenye chipu za Apple, na tangu Machi 2021 Photoshop ina toleo lililoundwa mahususi kwa chipu hizo. Plagini iliyojengwa kwa chipu za Intel pekee haionekani ndani ya Photoshop hiyo mpaka uifungue Photoshop kupitia Rosetta, kitafsiri cha Apple cha programu za Intel, na ukifanya hivyo Photoshop nzima hupungua kasi. Ukikuta ukurasa wa bidhaa hautaji chipu za Apple popote, chukulia haijaandaliwa.

Kadi ya grafiki nayo iangaliwe. Plagini za akili bandia zinazoondoa chengachenga au kukuza picha huegemea kumbukumbu ya kadi hiyo. GB 8 hukuacha ufanye kazi kwa starehe. Bila kadi inayofaa, picha moja ya megapikseli 24 inaweza kuchukua dakika kadhaa, na mwenye picha 300 ataacha kompyuta ikiunguruma usiku kucha.

Diski pia. Lightroom inapoituma picha kwa plagini ya nje, kwa kawaida hutengeneza nakala ya TIFF. Fanya hesabu: pikseli 6000 kwa 4000, rangi tatu, baiti mbili kwa kila rangi, ni MB 144. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, la picha hiyo hiyo huwa sehemu ndogo tu ya ukubwa huo. Ukipitisha picha 100 kwenye plagini, umejaza GB 14 na zaidi kwa jioni moja. Kwa sababu hiyo plagini isiwe kituo cha kila picha. Chagua picha kwanza, sukuma zilizoshinda tu.

Leseni na umri wa bidhaa

Mfano mzuri wa maisha ya plagini ni Nik Collection. Google iliinunua kampuni ya Nik Software mwaka 2012, ikaanza kugawa mkusanyiko huo bure Machi 2016, Mei 2017 ikatangaza haitausasisha tena, na Oktoba mwaka huo DxO ikaununua na kuufufua kama bidhaa ya kulipia. Waliobaki na toleo la bure waliendelea nalo mpaka mfumo wa kompyuta au programu mama ilipobadilika na kuliacha nyuma.

Kabla ya kulipa, tafuta majibu ya maswali haya kwenye masharti ya muuzaji. Leseni ni ya kudumu au ya kulipia kila mwezi au mwaka? Ikiwa ni ya kudumu, masasisho yanakoma lini? Inaruhusu kompyuta ngapi, na unaihamishaje kompyuta ikifa? Usajili ukiisha, je, plagini inafunguka walau kwa kusoma kazi za nyuma? Swali la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo huuma zaidi.

Uliza pia picha zinachakatwa wapi. Baadhi ya plagini hupakia picha kwenye seva ya muuzaji, hasa zile za kuongeza au kubadili sehemu ya picha kwa maelezo ya maneno. Kwa picha za watoto, wagonjwa au wateja waliosaini mkataba wa siri, hilo halifai. Njia rahisi ya kuhakikisha: zima intaneti, endesha plagini, uone kama inakamilisha kazi.

Plagini zilizovunjwa leseni ziache. Zinataka uziendeshe kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, na ndani yake mtu anaweza kuficha chochote.

Kusakinisha bila kuchafua

Funga programu mama kabla ya kuanza. Weka plagini moja, ijaribu, ndipo uongeze nyingine. Ukipachika tano kwa pamoja na programu ikaanza kuzimika, hujui wa kumlaumu.

Kwenye Photoshop ya Windows, folda ni Plug-ins iliyo ndani ya folda ya toleo lako la Photoshop. Ipo pia folda ya pamoja, C:\Program Files\Common Files\Adobe\Plug-Ins\CC, ambayo husomwa na toleo lolote jipya. Plagini ikikaa humo hutalazimika kuihamisha kila mwaka.

Kwenye Lightroom Classic, tengeneza kwanza folda ya kudumu, kwa mfano ndani ya Documents, uhamishie humo ile .lrplugin. Kisha nenda menyu ya File, Plug-in Manager, bofya Add. Mpangilio huo una sababu: Lightroom hainakili plagini, inakumbuka tu ilipo. Anayeiongeza ikiwa bado kwenye folda ya Downloads, siku akisafisha folda hiyo plagini inapotea naye anadhani programu imeharibika.

Kwenye GIMP, njia ya folda iko kwenye Edit, Preferences, Folders, Plug-ins. Katika 3.0 kila plagini lazima ikae ndani ya folda yake ndogo yenye jina lilelile la faili kuu. Plagini ya kufuta.py ikae ndani ya folda inayoitwa kufuta. Kwenye Linux na Mac, faili hilo lipewe ruhusa ya kuendeshwa. Makosa haya mawili, jina la folda na ruhusa, ndiyo chanzo cha plagini nyingi za GIMP zinazokataa kutokea kwenye menyu.

Jaribu kwa picha zako, siyo zao

Toleo la majaribio hukupa siku chache tu. Usilianzishe mpaka umeandaa picha sita: uso uliopigwa gizani kwa ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), nywele au manyoya, jani au nyasi za mbali, ukuta au anga lenye rangi moja inayofifia taratibu, maandishi madogo kama bango la mbali, na picha moja nzuri isiyo na kasoro. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoumbua plagini nyingi, kwa kuwa haikuhitaji kuguswa nayo imeguswa.

Chukua ule uso wa ISO 6400. Nakili leya (tabaka la picha), endesha kiondoa chengachenga kwenye nakala, kuza hadi asilimia 100, uanzie kwenye kope. Kope nzuri zinabaki nywele moja moja, nene kwenye kigubiko na nyembamba nchani. Zikiungana kuwa mstari mmoja mweusi, plagini imefuta undani wa picha pamoja na chenga. Shuka shavuni: vinyweleo vikipotea na ngozi ikawa kama plastiki, punguza nguvu kwa nusu ujaribu tena. Tazama mpaka kati ya nywele na mandhari ya nyuma. Pale ndipo chenga hubaki kama ukanda mchafu huku pande zote mbili zikiwa safi. Malizia kwenye meno na masikio. Plagini za akili bandia hubuni pale zisipoona, na kwenye maandishi ya bango hubuni herufi ambazo hazipo katika alfabeti yoyote.

Jicho likikuchanganya, badili hali ya leya ya juu iwe Difference. Kila kilichobadilika kitang'aa, kisichobadilika kitakuwa cheusi. Ukikuza mwanga wa matokeo hayo kwa Levels, unatakiwa uone vumbi lililotawanyika. Ukiona umbo la uso, kope na midomo, maana yake plagini inaondoa picha yenyewe.

Kwenye lile anga, tafuta ngazi za rangi. Zikitokea, chunguza kama plagini inafanya kazi kwa biti 16 au imeishusha picha hadi biti 8, zenye hatua chache zaidi za rangi. Kwenye Photoshop kuna ishara ya mapema: baadhi ya vichujio vya zamani hufifia kwenye menyu picha ikiwa ya biti 16 au ya CMYK (rangi za wino), vikafufuka ukiibadili iwe RGB ya biti 8. Usikubali kushuka kwa ajili yao.

Pima na muda. Weka saa, chakata picha 10 mfululizo, ugawanye. Kitelezi kizuri ambacho kinakudai dakika nne kwa picha hakitatumika siku ya kazi nyingi, hata kama leo unakipenda.

Mahali pa plagini kwenye mtiririko wa kazi

Kuondoa chenga kunakuja kwanza, tena kwenye RAW kama plagini inaruhusu. DxO PureRAW na Denoise ya Adobe zinafanya kazi hapo. Ya kwanza hurudisha faili la DNG, aina ya faili ghafi ambalo bado lina nafasi ya kurekebishwa; Denoise nayo ilifanya hivyo hadi 2025, sasa haitengenezi faili jipya. Ukianza na kuongeza mwanga na kunoa, unakuza chenga kisha unaomba zifutwe. Baada ya chenga zinafuata mwanga na rangi, kisha kufuta vitu visivyotakiwa, kisha athari za kisanii kama nyeusi-na-nyeupe ya Silver Efex. Kukuza ukubwa kunakaribia mwisho. Kunoa kwa ajili ya karatasi ndiyo hatua ya mwisho kabisa, hufanywa kwa ukubwa kamili wa chapa.

Ndani ya Photoshop, geuza leya kuwa Smart Object, leya inayotunza picha ya asili ndani yake, kabla ya kuendesha kichujio. Utaweza kurudi kesho ukapunguza nguvu, au ukapaka maski ili athari iguse mandhari pekee. Faili litavimba, hilo lijulikane.

Ukitokea Lightroom, pita kwanza Preferences, External Editing: TIFF, biti 16, na profaili ya rangi ileile utakayoitumia Photoshop. Lightroom ikituma ProPhoto RGB, profaili yenye rangi nyingi, na plagini ikaisoma kama sRGB yenye rangi chache, rangi zitafifia kama shati lililofuliwa mara nyingi. Hapo mtu huongeza rangi kwa plagini nyingine, na kosa moja linakuwa mawili.

Kuchapa

Plagini ya kuchapa haiongezi rangi kwenye karatasi. Rangi hutoka kwa wino, karatasi, na profaili ya ICC inayoeleza jinsi hivyo viwili vinavyokutana. Inachokupa plagini ni kurasa zenye mpangilio, kumbukumbu ya mipangilio, na, hii ndiyo faida kubwa, njia fupi isiyo na mitego ya draiva, programu inayoiongoza printa.

Kama printa yako ni ya picha kutoka Canon au Epson, anza na za bure za watengenezaji wenyewe: Professional Print & Layout ya Canon na Epson Print Layout. Zinafunguka kutoka Photoshop na Lightroom Classic, zinaijua printa, na ukichagua karatasi ya kampuni zinapata profaili yake. Angalia tu kama mfano wa printa yako umo kwenye orodha. Hatua ya kulipia, kama Qimage, ambayo ni programu inayojitegemea na si plagini hasa, au Mirage, ina maana pale unapochapa kwa wingi: picha za ukubwa tofauti zikipangwa kwenye karatasi moja ya roli bila kupoteza nafasi, au kazi ileile ikirudiwa mwezi baada ya mwezi. Anayechapa picha nne kwa wiki hatairudisha fedha hiyo.

Kabla ya chapa ya kwanza, fanya haya kwa mpangilio:

1. Pakua profaili ya karatasi hasa unayotumia, kwa printa hasa uliyonayo, kutoka kwa mtengenezaji wa karatasi. Kwenye Windows bofya faili kwa kitufe cha kulia uchague Install Profile. Kwenye Mac liweke kwenye /Library/ColorSync/Profiles. Funga programu mama uifungue upya ili ilione.

2. Soma maelezo yaliyokuja na profaili yanayotaja aina ya karatasi ya kuchagua kwenye draiva. Chaguo hilo huamua kiasi cha wino. Profaili iliyopimwa kwa chaguo la karatasi nene isiyong'aa itatoa vivuli vilivyozama ukichagua karatasi ya kung'aa.

3. Tazama picha kupitia profaili kwenye skrini: Lightroom bonyeza S ukiwa Develop, Photoshop nenda View, Proof Setup, Custom. Linganisha Perceptual na Relative Colorimetric. Ya kwanza hubana rangi zote kidogo ili zile kali zipate nafasi. Ya pili huziacha zinazoingia kwenye upeo wa karatasi na kuzikata zilizozidi. Ua jekundu lenye mikunjo mingi mara nyingi hupona kwa ya kwanza, ngozi na rangi tulivu kwa ya pili, ukiwa umewasha Black Point Compensation.

4. Teua msimamizi mmoja wa rangi. Ukiipa programu au plagini kazi hiyo, izime kwenye draiva. Kwa Epson chaguo huitwa Off au No Color Adjustment; kwa Canon weka Matching iwe None.

Hatua ya nne ikirukwa, profaili inapigwa mara mbili. Dalili yake haijifichi: ngozi huvaa wekundu wa kuelekea zambarau, au vivuli hugeuka vizito kama lami, wakati skrini imesawazishwa vizuri na profaili ni sahihi. Mtu akiiona chapa hiyo huhangaika kurekebisha picha. Usiiguse picha. Rudi kwenye draiva.

Sasa ukubwa. Karatasi ya A4 kwa pikseli 300 kwa inchi inataka pikseli 2480 kwa 3508. Draiva za Canon huzunguka kwenye 300 au 600, za Epson kwenye 360 au 720, na programu kama Qimage hubadilisha picha ifike namba hiyo yenyewe. Je, unahitaji plagini ya kukuza? Gawa pikseli za upande mrefu kwa urefu wa chapa katika inchi. Picha ya simu ya pikseli 4032 kwenye A3, ambayo upande wake mrefu ni inchi 16.5, inakupa 244: chapa kama ilivyo. Ukiikata ikabaki pikseli 2000, unapata 121, na hapo plagini ya kukuza ina kazi halali. Katikati, kuanzia 180 hivi na kuendelea, tofauti huonekana kwa mwenye pua iliyogusa karatasi. Bango la sentimita 90 kutoka kamera ya megapikseli 24 lina 169 tu, na ukutani, mtu akiwa amesimama mita moja na nusu, hakuna atakayelalamika.

Kunoa kunahitaji karatasi, kwa kuwa skrini haikuonyeshi wino unavyosambaa. Karatasi isiyong'aa hunyonya na kutandaza wino, hivyo inataka kunolewa zaidi kuliko ya kung'aa. Kata kipande kimoja cha picha chenye jicho, nywele na sehemu laini, kiwe kwa ukubwa kamili wa chapa utakayotoa, ukipange mara tatu kwenye A4 moja: bila kunoa, kawaida, juu. Andika kwa penseli pembeni. Hicho kinachoonekana kimezidi kidogo kwenye skrini mara nyingi ndicho kinachokaa sawa kwenye karatasi isiyong'aa. Na noa mara moja tu. Plagini ikinoa, zima kunoa kwa moduli ya kuchapa ya Lightroom na kile kisanduku cha draiva chenye kazi hiyohiyo. Vikipandana utaona uzi mweupe ukizunguka mabega na paa za nyumba.

Usihukumu chapa ikiwa mbichi. Iache angalau nusu saa, na kwa wino wa rangi iliyoyeyushwa ikiwezekana hadi kesho yake, kisha itazame chini ya taa ya 5000 K au dirishani kwenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Taa ya njano ya sebuleni itakufanya uongeze bluu isiyohitajika.

Ikigoma

Plagini haionekani kwenye Photoshop: fungua Help, System Info, ushuke chini hadi orodha ya plagini, zilizoshindwa kupakiwa hutajwa. Ikiwa imepakiwa lakini jina limefifia, angalia hali ya rangi, idadi ya biti, na kama leya uliyochagua ina kitu ndani.

Photoshop inazimika inapofunguka: ifungue huku umeshikilia Shift, ikuulize kama iruke plagini za nje. Ikifunguka salama, kosa ni la plagini. Hamisha nusu yake nje ya folda, fungua, kisha nusu ya nusu, mpaka umpate mhusika.

Plagini ya akili bandia inakufa katikati ya kazi: sasisha draiva ya kadi ya grafiki, funga programu nyingine zinazoitumia, na ikiendelea chagua kichakataji kikuu badala ya kadi kwenye mipangilio ya plagini. Itakuwa polepole lakini itamaliza.

Kabla ya kuruhusu programu mama ipande toleo jipya, tembelea kurasa za plagini mbili au tatu unazotegemea uone kama toleo hilo limetajwa. Photoshop inaweza kuacha toleo la zamani likae pamoja na jipya. Kwenye dirisha la kusasisha ondoa alama ya kufuta matoleo ya nyuma. Na kila kazi iliyokamilika itunze kwa mafaili mawili: lile lenye leya na Smart Object, na TIFF iliyobanjuliwa ikawa leya moja. Plagini ikifa, lile la kwanza litafunguka likikuonya kwamba kichujio hakipo na huwezi tena kukirekebisha. La pili litachapika vilevile.